Jozi ya Tatu

Jumapili Kibuye, kabla jua halijayachoma maturubai,
Rispa alikuwa amezimwaga raba zake chini
kama dagaa wa kuanikwa.
Mimi na Mideva tulichuchumaa, tukazichakura,
tukitafuta kitu asichouza mtu Kisumu nzima:
viatu vya mchezo wa vitara.

"Vya nini?" akauliza Rispa.
Mideva akasimama, akanyoosha mkono mtupu,
akajitupa mbele, goti likakunjika, kisigino ta!
Mwuza nyanya akavuta beseni lake.
"Aa," akasema Rispa, "mnataka vya kuchokozana."

Kocha Siganga alikuwa ametuonya:
msiniletee viatu vya mbio,
soli zimeumuka kama mandazi ya harusi,
ukiyumba kando, kifundo kinakuaga.
Tafuteni vya ukumbini, vya badmintoni, vya mpira wa mikono,
soli bapa, rangi ya asali,
inayoing'ang'ania saruji kama mdai mlangoni.

Tukapata jozi mbili, namba sita zote.
Zangu za buluu, ndani ya ulimi jina la mtu
limeandikwa kwa kalamu, halisomeki tena.
Zake nyeupe, au zilikuwa.
Rispa akatuongezea kamba.

Ukumbi wetu ni ghala la pamba lililosahau pamba.
Mita kumi na nne za chaki,
na mvua ikipiga bati hatusikii hesabu ya alama,
tunaonyeshana vidole.
Hapo ndipo soli yangu iliponisema:
mimi hushika kwa kulia,
basi mguu wa kulia hutangulia, hupiga kisigino,
na wa kushoto huburutwa nyuma, kwa ubavu wa ndani,
kama mtoto asiyetaka shule.
Miezi minne, ubavu ukatoboka.
Kidole gumba kikachungulia nje, kikaona Kisumu.

Mideva ana shoto.
Kwake ilioza ya kulia.

Jioni moja, tumekalia magunia,
akavua yake ya kushoto, akanivua yangu ya kulia,
akaziweka sambamba. Nyeupe. Buluu.
Nzima zote mbili.
Hatukusema kitu.
Jozi ya tatu, na hatukuilipia hata ndururu.

Tukaifunga kwa gazeti: ya mashindano tu.
Zile mbovu, siku ya safari, tuliziacha ghalani,
maana nani angebeba matundu hadi Nakuru?

Nakuru sakafu ni ya mbao, inang'aa, inanuka nta.
Mideva anacheza, nangoja kwa soksi;
anafungua kamba, naingia mimi,
raba bado ina joto la miguu yake.
Tukashinda hivyo, kwa zamu, tangu asubuhi,
tukajisahau, tukashinda mno:
nusu fainali, mwamuzi akasoma jina langu,
halafu lake.

Miguu minne. Raba mbili.
"Mbona mnacheka?" akauliza.
Tukagawana. Kila mmoja akavaa aliyoinunua,
mguu wa mbele kiatu, wa nyuma soksi.
Mwamuzi akapekua kitabu cha sheria,
akakipekua tena,
akakifunga. "Jilindeni."

Sijui kama watu waliona upanga siku ile.
Waliangalia chini.
Kila nilipojitupa mbele nilikuwa Kisumu,
kila niliporudi nyuma nilikuwa kwenye barafu.
Kumi na tatu kwa kumi na nne,
nikasukuma kwa mguu wa nyuma, soksi ikateleza,
na ncha ya Mideva ikanigusa hapa, chini ya shingo,
polepole, karibu kwa haya.

Tukavua barakoa. Tukasalimiana.
Fainali ilikuwa baada ya dakika kumi.
Nikainama, nikafungua kamba ya buluu,
nikamvisha mwenyewe, mguu wa kulia,
nikavuta kamba mpaka akasema basi.

Kisha nikakaa mstari wa mbele, miguu peku juu ya mbao,
simtazami Mideva,
naitazama raba yangu huko nyuma,
ikiburutwa kwa ubavu wa ndani,
ikilika.